Nilichemsha Nyuzi za Mkwe

Wiki iliyopita niliwaacha nimesimama jikoni, mwiko mkononi, nyuzi nne za gitaa la besi zinatokota kwenye sufuria kama makaroni. Mume wangu akaingia, akachungulia, akauliza, "Hizo za gitaa lipi?" Nikamjibu, "La mkwe." Akakaa chini sakafuni bila kutafuta kiti.

Kwa aliyekosa kusoma huko nyuma, nieleze kwa ufupi.

Mume wangu ni fundi wa majokofu. Tangu aache kazi ya kuajiriwa amepatwa na maradhi ya kukusanya magitaa ya besi, yale makubwa ya nyuzi nne, yenye sauti nzito inayotikisa vikombe kabatini. Anayo kumi na moja, na hakuna hata moja aliloliacha kama alivyolikuta. Moja kalifunga mpini wa mlango wa jokofu. Jingine lilikuwa zito kama mfuko wa saruji, akalichonga mgongo hadi likabaki kama kibao cha kukatia nyama. Kitanda cha wageni kiligeuka kuwa shingo ya gitaa. Hilo niliwasimulia wiki ya pili, na dada yangu aliyefika akakuta godoro tupu hajanisamehe hadi leo.

Mimi nilianza kwa kulia nikaishia kuwa muuguzi wao. Nawapaka mafuta ya limau shingoni. Shingo ikijipinda, nakaza kile chuma kinachopita ndani yake. Na kila mwanzo wa mwezi nachemsha nyuzi.

Hapa mnisikilize, maana ndipo nilipoponzwa. Nyuzi za besi zikishika jasho na uchafu wa vidole, sauti inakufa. Ukizichemsha dakika kumi, ukazikausha vizuri, zinafufuka. Sikuota. Mume wangu ndiye aliyenifundisha.

Sasa, binti yetu amechumbiwa. Kijana mwenyewe hana neno, mpole, anasalimia hadi paka. Ila baba yake ni mpiga besi mkongwe, mtu anayejulikana na kuogopwa, wote wanamwita Mzee Kishindo. Alituletea gitaa lake ili mume wangu atengeneze kile kiduara cha kuongezea sauti, kilikuwa kinakwaruza. Siku ya kulichukua ndiyo angetupa jibu: harusi ipo au haipo, na kama ipo ni lini.

Siku yenyewe ndiyo hiyo. Saa tisa alasiri.

Nami nilipoona zile nyuzi ni nyeusi, zinanata, ukizigusa mkono unatoka kama umeshika kikaango, nikasema moyoni: mkwe asije akaona kwetu hatujui usafi.

"Mama watoto," mume wangu akasema kutoka kule sakafuni, "unajua hizo nyuzi zina miaka mingapi?"

"Nimeona ni za zamani."

"Ishirini na tisa! Hajawahi kuzibadilisha. Hajawahi kuzifuta hata kwa kitambaa. Ule uchafu ndio sauti yake! Watu wa aina yake wanautunza kama hati ya kiwanja."

"Kwa hiyo nimechemsha hati ya kiwanja?"

"Umechemsha kiwanja chenyewe!"

"Sasa mbona hukunionya?"

"Ningekuonyaje usifanye jambo ambalo hakuna mtu mwenye akili timamu angelifanya?"

"Si wewe uliyenifundisha!"

"Za kwetu! Nilikufundisha za kwetu!"

Sufuria likaendelea kutokota. Ghafla mume wangu akainuka kama aliyeng'atwa na siafu.

"Hayo maji umeyabadilisha?"

"Bado."

"Usiyamwage!"

Wahenga walisema maji yakimwagika hayazoleki. Haya yalikuwa hayajamwagika. Mume wangu akaona huo ndio mlango wa Mungu. Akazitoa nyuzi kwa koleo, akazikausha kwa taulo, akayaacha yale maji motoni. Eti tuyachemshe yakauke hadi ubaki ule uchafu mtupu, tuupake tena pale ulipotoka.

Msinicheke. Ukiwa unazama unashika hata povu.

Tukachochea kwa zamu. Saa tano maji yalikuwa kama chai. Saa sita yalikuwa kama mchuzi. Saa sita na nusu yakawa uji mweusi unaoganda kwenye mwiko, tena unanukia vitunguu, kwa sababu jana yake sufuria lile lilipikiwa vitunguu na mimi kwa haraka sikulisugua. Tukarudisha nyuzi kwenye gitaa, tukazipaka ule uji kwa mswaki.

Mume wangu akaunganisha gitaa kwenye spika. Akagusa uzi mmoja.

Tiiing!

"Bado linalia kama kengele ya shule," akasema, na machozi yanamlengalenga. "Uchafu wa kweli unakaa ndani ya mizunguko ya waya, mama watoto. Umejikunja humo miaka na miaka. Huu wetu ni poda ya usoni."

"Basi tutafute mtu mwenye mikono michafu ya miaka mingi."

Jirani yetu wa ukuta kwa ukuta ni fundi magari. Nikamwita juu ya ukuta.

"Jirani, njoo utuazime mikono."

"Kuna mzigo wa kubeba, mama?"

"Hapana. Ni michafu?"

"Samahani, ninashughulikia injini, nipe dakika nioshe..."

"Usioshe!"

Akaja anatuangalia kwa jicho la pembeni, kama mtu anayehesabu hatua za kufika mlangoni. Tukamkalisha, tukampakata gitaa, tukamwambia asugue nyuzi juu chini, juu chini. Akasugua robo saa. Akauliza kama kuna mtu mgonjwa humu ndani. Mume wangu akamwambia, "Sugua tu, ndugu yangu, kuna harusi."

Akagusa tena. Tiiing!

La kuvunda halina ubani. Na hili la kwetu, maajabu yake, lilikuwa limegoma kuvunda.

Saa nane na dakika chache binti yangu akaingia kutoka kazini. Anafanya kazi duka la dawa, zamu ya asubuhi. Mchumba wake alikuwa amemshusha mlangoni na kwenda kuwachukua wazazi wake. Akanikuta nimeinamia sinki, nalia. Nikamweleza kila kitu. Nilitegemea apige kelele. Akavua koti lake jeupe, akalikunja taratibu.

"Mama, nani mwingine anajua?"

"Baba yako. Na fundi magari."

"Basi leo kazi yako ni moja tu. Kunyamaza."

Laiti ningemtii.

Wageni wakafika nusu saa kabla ya wakati. Mzee Kishindo mwenyewe ni mwembamba kama shingo ya gitaa, lakini anaingia chumbani kama watu wanne. Nyuma yake mke wake, mama mtaratibu, mkoba kifuani, tangu tumjue hatujawahi kumsikia akisema zaidi ya "ahsante" na "maji yanatosha". Nyuma yao kijana.

Tukasalimiana, tukakaa. Mzee Kishindo hakutaka kinywaji.

"Kwanza mgonjwa wangu," akasema. "Mambo ya watoto baadaye."

Mume wangu akamletea gitaa kwa mikono miwili kama anayekabidhi kichanga. Mzee akalipakata, akafumba macho. Kisha pua ikamcheza.

"Mkwe mwenzangu. Mbona linanukia vitunguu?"

"Nyumba ndogo, mzee. Jiko liko karibu."

"Hmm."

Akachomeka waya kwenye spika. Akazungusha kile kiduara cha sauti, hakikukwaruza hata kidogo, akatabasamu. Mume wangu akatabasamu. Mimi nikamkumbuka Mungu wangu.

Mzee akaanza kupiga.

Ndugu wasomaji, sisi wote tulikuwa tumejiandaa kwamba sauti itakuwa imebadilika. Hilo tulilijua. Kitu ambacho hakuna aliyekijua chini ya jua hili ni kwamba Mzee Kishindo hajui kupiga besi.

Hajui kabisa! Miaka yote zile nyuzi zilizokufa zilikuwa zinatoa mlio mmoja, du, du, du, aguse huku, aguse kule. Watu wakasema mzee ana kishindo, mzee ana uzito. Leo kila kidole kilipokosea kilitangazwa. Kikipotea njia, nyumba nzima inasikia kimepotea. Ilikuwa kama kuwasha taa kwenye chumba ambacho mtu alikuwa anavaa.

Akasimama katikati ya wimbo. Akazitazama nyuzi. Akaanza upya. Ikawa vibaya zaidi.

Ndipo yule mama mtaratibu akafungua mdomo.

"Baba, hapo si umekosea?"

"Nimekosea wapi?"

"Hapo. Na pale mwanzo. Na hapo tena ulipofika ukarudi."

"Wewe mambo ya muziki umeyaanza lini?"

"Sijayaanza. Nimesikia tu."

Kijana akaangalia viatu vyake. Huyu amelelewa akiambiwa baba yake ni simba wa besi. Sasa simba kalia nyau mbele ya wakwe.

Mzee Kishindo akaliweka gitaa chini polepole. Akapitisha kidole kwenye uzi, akakinusa, akakilamba kidogo. Uso ukamgeuka.

"Nani kachemsha nyuzi zangu?"

Mimi nikaanza kunyoosha kitambaa cha meza.

"Nimeuliza. Nilileta kiduara cha sauti. Nyuzi sikuleta. Nani?"

Mume wangu akisema ni yeye, hakuna mpiga besi atakayemwamini tena na gitaa lake. Akisema ni mimi, basi ugomvi umeingia kati ya wakwe na hautoki mpaka vilembwe. Akanitazama. Nami nikatazama ukuta, kama vile nauona kwa mara ya kwanza.

"Ni mimi, baba."

Binti yangu. Amesimama, mikono nyuma, sauti haitetemeki.

"Niliona ni chafu, nikataka kukufurahisha. Nisamehe, sikujua."

Nilimwelewa pale pale. Kosa la mtoto linasameheka, mkwe mdogo huonywa tu yakaisha. Kosa la mama mkwe ni mgogoro wa koo mbili. Mtoto wa kumzaa mwenyewe alikuwa ananibebea mzigo, na mimi nikahisi, Mungu anisamehe, nafuu. Kama mtu aliyevuliwa kiatu kinachobana.

Kumbe kijana, kwa ule upole wake wa kusalimia paka, hajui kunyamaza.

"Wewe?" akasema. "Si nimekushusha dukani saa moja asubuhi? Na nimekurudisha hapa saa nane?"

"Nilizichemsha kabla ya kwenda."

"Kabla ya saa moja? Ulinipigia saa kumi na mbili na nusu ukasema ndiyo kwanza unaamka."

Angekuwa wangu ningemfinya.

Mzee Kishindo akainua mkono. "Ngojeni. Mimi mzembe namvumilia. Mwongo haingii kwangu hata kwa dirisha." Akanigeukia. "Mama, wewe ni mtu mzima. Nakuuliza kwa heshima. Huyu mtoto anasema kweli?"

Mama wenzangu, hapa ndipo nilipotaka mfike. Nilipewa mlango, umefunguliwa wazi, na aliyeufungua amesimama kando kunipisha. Neno moja tu: "Ni mimi, mzee." Pengine angefoka, pengine angevunja kikombe, lakini mwanangu angetoka safi.

Nikasema, "Anasema kweli."

Tena ningeishia hapo. Lakini uongo ni kama unga kwenye maji ya moto, ukitia kidogo unaona hautoshi.

"Kwanza," nikaongeza, "huyu binti ndiye fundi wa nyumba hii. Baba yake anakusanya tu. Hayo yote kumi na moja unayoyaona ukutani ni mikono yake. Kuchonga yeye, kukaza yeye, nyuzi yeye. Amezaliwa nayo!"

Mume wangu akapaliwa na mate yake mwenyewe.

Niwaambie ukweli kuhusu binti yangu. Anajua dawa za homa, za minyoo na za macho. Magitaa ya baba yake anayachukia tangu siku moja lilipomdondokea mguuni. Ameapa hatagusa hata moja, na hajagusa.

Mzee Kishindo aliyatazama magitaa ya ukutani, moja moja. Kisha, badala ya kufoka, akaanza kutikisa kichwa kama mtu anayepiga hesabu akapata jibu asilolitarajia.

"Fundi," akasema. "Fundi wa kike. Sawa. Mwanangu, nenda kwenye gari ulete lile gitaa la pili."

Kijana akaleta gitaa jekundu, kuukuu, nyuzi zake nyeusi kuliko zile za kwanza. Mzee akalichukua, akamwekea binti yangu mapajani.

"Binti, zitoe hizo nyuzi zote nne, kisha uzirudishe na uziweke sawa. Hapa hapa, mbele yangu. Fundi wa kweli dakika ishirini zinamtosha. Ukifanya, nimeamini kila neno lililosemwa humu, na harusi ni mwezi ujao. Ukishindwa, basi nyumba hii wote ni waongo, na tunaagana salama, kila mtu na njia yake."

Binti yangu akalitazama lile gitaa kama mtu aliyepakatishwa mamba. Lilikuwa limekaa kichwa kulia, kinyume na linavyoshikwa. Hakulijua. Mume wangu akafumba macho. Kijana akakohoa, akaonyesha kwa kidole kidogo, geuza, geuza. Hakumwona.

Mtu yeyote aliyewahi hata kusimama karibu na gitaa anajua nyuzi hulegezwa kwa kuzungusha vile vikazio vya kichwani. Mwanangu akavipita. Akapapasa shingo. Akapapasa tumbo. Kisha akakunja mikono ya blauzi yake kama anayetaka kufunga kidonda, akaniita kwa sauti ya upole kabisa.

"Mama, niletee mkasi."

"Mkasi wa nini?" akauliza Mzee Kishindo.

"Wa kazi, baba."

Na mimi, ndugu zangu, kwa jinsi akili ilivyokuwa imenitoka, nikainuka nikaenda kuuleta. Nyuzi za chuma nene kama misumari, nakwenda kuzitafutia mkasi wa kukatia pamba!

Nimefika jikoni, nafungua droo, nafunga, nafungua. Nasikia mlango unafungwa nyuma yangu. Nageuka. Ni yule mama mtaratibu, mke wa Mzee Kishindo, ameuegemea mlango kwa mgongo.

"Dada," akasema, "acha kutafuta. Uliyechemsha ni wewe."

Nikaifunga droo. "Mama, nisamehe..."

"Sitaki uombe msamaha. Nimekaa na yule mzee miaka yote hii ananiambia mimi sina masikio. Nikimwambia umekosea, sina masikio. Nikimwambia wenzako wanakuangalia, sina masikio. Nikaamini. Hata kanisani nilikuwa naimba kwa kunong'ona. Leo ndiyo mara ya kwanza nimemsikia." Akafuta jicho kwa ncha ya kitambaa. Nikadhani analia. Kumbe anacheka.

"Sasa nisikilize haraka haraka. Lile jekundu ndilo atakalopiga Jumamosi mbele ya wenzake wote wa bendi, na watoto wao, na wajukuu wao. Mimi nitamtoa nje, nitajifanya moyo unanienda mbio. Wewe ingia, zitoe nyuzi umsaidie mwanao, mtihani upite. Ila kabla ya kuzirudisha..." Akalitazama jiko. "Zichemshe."

"Mama! Mbele ya watu wote? Atakufa kwa aibu!"

"Hatakufa. Nitakuwa pale." Akanishika mkono. "Ukikubali, binti yako ni binti yangu, na hakuna atakayemgusa kwangu. Ukikataa, natoka hapa sasa hivi, naenda kuwaambia nani kachemsha na nani kadanganya."

Kutoka sebuleni sauti ya Mzee Kishindo ikapenya mlangoni:

"Huo mkasi umeenda kufuliwa kwa mhunzi kwanza?"

Na papo hapo, kabla sijajibu huyu wala yule, nikasikia mwanangu akisema, "Usijali, baba, nimepata koleo la baba yangu hapa," na uzi wa kwanza ukakatika kwa kishindo.